Mwiba Mguuni mwa Feruzi

Ibra, Jumatatu, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Zakia,

Marahaba. Nakuitikia mapema, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla bahasha haijafunguka, na sitaki ibaki inaning'inia hewani. Salamu ziwe juu yako na juu ya wote mnaolala chini ya bati moja. Magoti yako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea itumie, usiifungie kabatini kama sahani za wageni. Mie mzima. Macho yanakwenda yakirudi, na meno yalobaki yanatosha tende laini. Baridi imeshuka huku Arabuni, asubuhi watu wanatoka na shali kichwani, nami naketi uani juani kama nguo iliyoanikwa.

Utauliza kwa nini barua na si simu. Simu za nyumba hii zina masikio mengi. Nikikutumia sauti, mke wa Salim ataisikia kabla yako. Karatasi ina bahasha. Italetwa na jirani yetu anayekuja harusini huko Unguja, nami nimemwapisha aitie mkononi mwako weye, si mwa mtu mwengine. Anayeandika ni Rehema, msichana wa Tanga anayetufanyia kazi hapa nyumbani. Wajukuu zangu Kiswahili wanakisikia, kukiandika hawawezi. Mie kukisema nakisema, lakini skuli sikuiona hata mlango wake. Basi mie nasema, Rehema anaandika, na nimemkataza kunipamba. Nikisema fulani mpumbavu, aandike mpumbavu.

Sasa nakuingilia bila ya kubisha hodi. Najua mwanangu Salim amekupigia simu. Najua na alichokuomba. Alikuomba, akija mwanamke wa jamaa za Nizwa kukuuliza khabari za ukoo wetu, umwambie baba yetu alikuwa na shamba la karafuu. Na najua ulimjibu "inshallah, mwanangu", maana hiyo ndiyo jawabu yako tangu utotoni kila usipotaka kugombana. Barua hii ni kukwambia usiseme hivyo. Kaa kitako uisikie sababu, kwa sababu Salim amekupa mkia akaficha kichwa.

Weye unamkumbuka baba kwa kikohozi, ulikuwa mdogo. Mie namkumbuka kwa mikono. Ilikuwa na alama za moto mpaka kwenye viwiko, za pasi ya makaa. Alikuwa boi wa nguo kwa yule bwana wa mjini. Akimpigia pasi kanzu, akizifukiza udi, akimvisha, akimfunga kilemba, akimtoa mlangoni amenyooka kama mnara. Halafu baada ya alasiri, pasi ikipoa, alikuwa akikaa na wenziwe uani, mpishi na mchota maji na dobi, akiwatungia visa vya Bwana Kanzutatu na Feruzi. Alivitunga yeye, Zakia. Leo kila mtu anasema ni visa vya wazee wa zamani. Hapana wazee wa zamani. Palikuwa na Makame bin Ali na kigoda chake.

Bwana Kanzutatu aliitwa hivyo kwa kubadilisha kanzu tatu kwa siku: ya asubuhi ya kuonekana, ya mchana ya kulalia, ya jioni ya kuonekana tena. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtoto mwenye ndevu. Na Feruzi, mtumishi wake, alikuwa na sharti moja alilotiwa na baba: hasemi hapana. Bwana akisema anataka kupanda juu ya paa aitazame mvua inakotoka, Feruzi husema, "Ewallah, bwana," halafu huiondoa ngazi kwa sababu ya kuipangusa, na kuipangusa kwenyewe kunachukua siku mbili.

Kile kisa cha watumishi kumi na wawili ndicho kilichopendwa kuliko vyote, na ndicho kilicholeta balaa hili, kwa hivyo nitakieleza kama baba alivyokieleza.

Bwana Kanzutatu anataka mke. Baba wa binti anakuja kumpima. Na bwana, kwa majivuno, ameshapeleka khabari kuwa ana watumishi kumi na wawili, naye anaye Feruzi tu. Feruzi anasema ewallah. Mgeni anaketi ukumbini. Anaingia mtumishi wa kwanza na maji ya kunawa, kavaa kofia nyekundu. Anatoka kwa mlango wa nyuma, anauzunguka uchochoro mbio miguu mitupu, anaingia tena kwa mbele na kahawa, kichwa wazi, huyo wa pili. Wa tatu kaigeuza kanzu nje ndani. Wa nne kajifunga leso ya kichwa. Huko uchochoroni, kwenye mzunguko wa tano, akakanyaga mwiba. Hapana nafasi ya kuutoa. Wa sita akaingia akichechemea, na wa saba, na wa nane, mpaka wa kumi na mbili. Mgeni akauliza, mbona watumishi wako wengi wanachechemea, na wote mguu wa kushoto? Bwana Kanzutatu akajikuna ndevu akasema, "Nawachagua makusudi. Hao hawawezi kukimbia."

Uani watu walikuwa wakicheka viganja mdomoni, kwa sababu bwana wa kweli yuko juu amelala. Lakini kisa hakikuwa kikiishia hapo. Mgeni ameondoka, karidhika. Feruzi ameketi kwenye jivu la jikoni, hainuki. Bwana anaita mara moja, mbili, tatu, na ewallah haiji. Basi anashuka mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwake kuingia jikoni, anauona mguu. Hajui afanye nini. Anaketi kwenye jivu na kanzu yake ya tatu, anaupakata ule mguu, anachokonoa kwa sindano, na Feruzi anamwelekeza: kushoto kidogo bwana, huo si mwiba bwana, huo ukucha. Mpaka ukatoka. Basi. Hapo baba alikuwa akiishia, na wenziwe hawacheki wala hawaondoki.

Mwisho huo ndio kisa, Zakia. Na kila aliyekichukua aliukata.

Kwanza walikichukua vijana waliokuwa wakicheza michezo ya sikukuu uwanjani. Aliyekuwa bwana alitiwa mto tumboni, hakuweza kuinama, basi wakamalizia kwenye kuchechemea. Baba alikwenda kutazama, aliporudi akasema mto umeshinda. Halafu kikaingia redioni. Redioni mguu hauonekani, wakakifanya kikohozi: watumishi wote kumi na wawili wanakohoa namna moja. Na mwiba haukutolewa, maana kikohozi hakina mwiba. Watu walicheka, na weye ulicheka, ulikuwa umekaa mapajani pangu. Baba alizima redio polepole kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Yalipokuja Mapinduzi wakakicheza tena, safari hii mbele ya viongozi. Sasa bwana ni dhalimu, na mwishoni Feruzi anachukua fimbo anamtwanga. Makofi kila pembe. Wakamwita baba asimame, wakasema ni mfanyakazi aliyeonewa, na kweli alionewa. Alirudi nyumbani. Mama alipomuuliza, alijibu neno moja tu: "Feruzi hapigi mtu." Mie nilikuwa msichana, nikamwona baba mwoga. Sasa umri wangu umeupita aliokufa nao, nami naona alikuwa hataki kugaiwa ushindi usiokuwa wake.

Halafu nikaolewa nikaletwa huku. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, sitamsema kaburini. Lakini tulipoteremka tu aliniambia, huku watu wanauliza asili kabla ya jina, basi tuseme babako alikuwa na shamba la karafuu. Nikasema sawa. Nilikuwa na mimba ya Salim, na mgeni, na Kiarabu sikijui. Nikasema sawa, na ile sawa imekaa miaka arubaini na ushei.

Na visa vya baba nikavikuta vimefika kabla yangu. Wanaume waliorudi kutoka Unguja walikuwa wakivisema kwenye mabaraza yao hapa Ibra, kwa kukumbuka nyumbani. Kila mwaka Bwana Kanzutatu akizidi akili kidogo, na Feruzi akizidi ujinga. Mpaka ikawa ni Feruzi aliyeropoka kuwa ana watumishi kumi na wawili, na bwana ndiye aliyemwokoa kwa busara zake. Yale maneno ya kukimbia yakaondolewa kabisa. Watoto wangu walikua wakikijua kisa hivyo. Na mie nilikuwa nikisikia kutoka upande wa wanawake, nikicheka pamoja nao, kikombe mkononi. Shamba la uongo lilinikera, lakini kicheko kile ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Sasa ndiyo nafika kwa Rukia, binti wa Salim. Unamjua kwa picha, yule mwenye macho ya mama. Anafanya kazi ya maabara hospitali, na huko amekutana na kijana jina lake Said, wa Nizwa. Wanatakana. Kijana ana adabu na anakula vizuri, sina la kumtoa. Babu yake, Mzee Nasir, ndiye mwenye kauli katika ukoo wao, naye alizaliwa Unguja mjini, Kiswahili chake ni kile cha zamani, kinanukia iliki. Walikuja Ijumaa iliyopita baada ya alasiri kututazama, wanaume kwa wanawake, tukawatandikia mikeka shambani kwetu kwenye mitende.

Kaka yake Rukia, Khalfan, anafanya kazi kwenye kambi za watalii huko Al Mintirib, penye mchanga. Anawapandisha wageni ngamia, na baada ya hapo yeye na rafiki yake Hilali huwachezea michezo ya kuchekesha. Basi akaona amfurahishe Mzee Nasir kwa kisa cha Unguja. Hakuniuliza. Yeye Khalfan ndiye Bwana Kanzutatu, na Hilali ndiye Feruzi.

Hilali akatokea nyuma ya mtende amejipaka masizi usoni. Anaongea maneno yamevunjika, analeta sahani ya tende anazila njiani, anajikwaa, anapigwa kofi la kisogo, anacheka. Watu wakavunjika mbavu, hata wageni. Nami nikamtazama Rehema. Alikuwa amesimama na birika la kahawa anasubiri vikombe. Hakununa. Angenuna ningepoa. Alikuwa akicheka kama nilivyokuwa nikicheka mie, kikombe mkononi.

Hapa Rehema ameacha kuandika. Namwambia andika, na hili liandike: mie mwenyewe nilikuwa nikimwita mara tatu kwa glasi ya maji iliyo karibu yangu kuliko yake. Haya, ameandika.

Katika mbio zao kilemba cha Khalfan kikafumka. Akanijia anacheka, "Bibi, nifungie," kama alivyozoea tangu mdogo. Nikainuka. Nikasimama mbele yake, nikamfunga, mikono inajua yenyewe. Nilipogeuka Mzee Nasir ameweka kikombe chini, ananitazama vidole.

Weye unajua, lakini Rehema anayeandika huenda hajui. Anayejifunga kilemba mwenyewe hutazama kioo, mkono wake wa kulia ndio unaoongoza, na ncha humwangukia upande mmoja. Anayemfunga mwengine husimama uso kwa uso, basi kila kitu kinageuka, na ncha huangukia upande wa pili. Baba alitufunza hivyo kwenye kichwa cha mtungi. Mwenye shamba hamfungi mtu kilemba. Mwenye shamba hufungwa.

Mzee Nasir akaniuliza taratibu, kwa ule Uswahili wake:

"Bi Asya, nani alokufunza kufunga kichwani pa mtu mwengine?"

Salim akarukia, akasema mama alikuwa akimfunga marehemu baba kila Ijumaa.

"Marehemu babako nilimjua," akasema Mzee Nasir. "Alikuwa akijifunga mwenyewe. Hivi alivyofungwa kijana huyu ndivyo boi wetu alivyokuwa akimfunga baba yangu."

Sikiliza, Zakia. Mlango ulikuwa wazi wa kutokea. Ningesema nilijifunza kwa shangazi, au kwa kuchungulia dirishani, na mzee yule ana heshima, angeliacha. Nikamwona Rukia kule kwenye mkeka wa wanawake, ameishika leso yake kwa mikono miwili. Nikamwona Hilali anatokwa jasho masizi yanamwingia machoni. Nikasema:

"Baba yangu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa boi, na visa hivi ni vyake, na huyo mnayemcheka ni yeye."

Sikupaza sauti. Nikawaambia mchezo haujesha, nikakisema kisa kama baba alivyokisema, pamoja na maneno ya kukimbia. Nilipofika kwenye jivu la jikoni nikamwambia Hilali aketi chini, nikamwambia Khalfan ainame. Khalfan akamtazama babake. Salim akatazama mitende. Basi mtoto akainama, akaupakata mguu wa rafiki yake.

Mzee Nasir akapewa kikombe cha mwisho, akanywa, akakitikisa. Huku mtu akitikisa kikombe maana yake imetosha. Wakaaga kwa adabu zote, kabla ya haluwa na kabla ya udi. Haluwa ilirudi nyumbani haijafunguliwa, na hapana mtu katika nyumba hii aliyeitia mkono mpaka nilipoifungua mie nikaila na Rehema.

Salim alinijia chumbani. Hakuniamkia. Akasema, "Mama, umetuvua nguo mbele ya watu." Nikamwambia nimekuvueni nguo ya kuazima, zenu bado mnazo. Akasema nimemharibia Rukia. Hilo liliniuma kuliko mengine, kwa sababu Rukia alikuwa bado hajaja chumbani kwangu.

Siku ya pili yake akaja mwenyewe, akaketi kwenye kitanda changu. Hakulia. Aliniambia, "Bibi, ungeniambia mimi kwanza." Basi. Nami nikamwomba radhi, mie bibi yake. Kusema sijuti. Lakini yule ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, na nilimfanya alisikie pamoja na wageni. Hilo kosa ni langu na nimelibeba. Nikamuuliza Said anasemaje. Akasema Said yeye hana neno ila anawasubiri wakubwa. Nikamwambia mwanamume asiyekuwa na neno asubiri, nawe mpime wakati anasubiri.

Jana ikaja khabari kutoka Nizwa. Hawakukataa. Mzee Nasir amesema atauliza Unguja, kama desturi. Ana binti wa ndugu yake anakaa huko, atakuja kwako weye, kwa kuwa weye ndiye mkubwa wa ukoo uliobaki huko. Salim akashika simu hapo hapo. Na sasa nakwambia ambalo hakukwambia: ameshawaambia watu wa Nizwa kuwa mama yake amezeeka, anachanganya visa na maisha yake mwenyewe. Kwa hivyo ukisema shamba, mie ndiye niliyerukwa na akili. Nitawekwa juani uani, nitalishwa uji, na kila nitakalosema watasema mskini bibi. Mdomo wangu uko mkononi mwako, Zakia.

Utasema, dada, neno moja tu, mtoto aolewe, Mungu msamehevu. Nakujua. Nakwambia, Rukia akiolewa kwa shamba lisilokuwepo, atalipalilia maisha yake yote. Kila mgeni akija itabidi alipalilie. Kila mtoto akiuliza itabidi apande mkarafuu mwengine. Mie nimelipalilia miaka arubaini, na sikuchuma hata karafuu moja.

Na nimemuuliza mwenyewe. Asubuhi hii kabla hajakwenda kazini nilimwambia, mwanangu, namwandikia barua mdogo wangu, unataka nimwambie aseme nini? Alirudi akalizima gari aliloliwasha. Halafu akasema, aseme kweli. Alisema kwa sauti ndogo, sitakudanganya kuwa alikuwa shujaa. Lakini alisema, na akarudia nilipomwambia sikusikia.

Khalfan naye amerudi kazini Al Mintirib. Amempigia simu Rehema, si mie, anamwuliza katika kisa Feruzi anamwelekezaje bwana pale kwenye mwiba, maneno yenyewe. Rehema amemsomea humu humu baruani. Sijui watalii watakielewa. Si kazi yangu.

Msalimie shemegi yangu Haji, mumeo, mwambie kofia aliyomshonea Salim akiwa mdogo bado ninayo. Msalimie mwanao Maulidi, fundi wa friji, aache kupanda pikipiki bila ya kofia ya chuma. Mjane wa kaka yetu, Bi Saida, mpe mkono wangu na umwambie namwombea macho yake. Mwalimu wa chuo cha mtaani kwenu, anayemsomea baba khitma kila mwaka bila ya kukumbushwa, mwambie Asya anamtambua. Rehema anakusalimu na yeye, anasema anakujua sasa.

Huyo mwanamke wa jamaa za Nizwa akija, mtie ndani, usimweke barazani kama mwuza samaki. Mpe kahawa nzito. Usivae leso mpya kwa ajili yake, wala usivae mbovu. Akikuuliza baba yenu alikuwa nani, mwambie Makame bin Ali, boi wa nguo, mpiga pasi, mfunga vilemba, mtunga visa. Sema ukimtazama machoni, na usiongeze "lakini". Akikuuliza alikuwa boi wa nani, mwambie jina la bwana wake tumelisahau, hata likiwa la babake Mzee Nasir. Hutakuwa umesema uongo. Nimelitafuta tangu Ijumaa, wallahi, na halinijii.

Ni mie dada yako,
Asya, binti wa Makame mpiga pasi